Ukubwa wa oda hautoshi kumchagua mteja

Ghala halitoshi, mtaji hautoshi, na lazima uchague wa kumhudumia. Kampuni nyingi hupanga wateja kwa mauzo: mkubwa abaki, mdogo aachwe. Naupinga mpango huo, kwa sababu mauzo hayasemi kuyumba kwa oda za mteja kunakulazimisha uweke akiba kiasi gani.

Tuseme mahitaji ya wateja ulionao yana mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha kuyumba kwake kutoka wastani, wa katoni 30 kwa wiki. Yakifuata mgawanyo wa kawaida (wiki nyingi karibu na wastani, chache mbali nao juu na chini), ili usiishiwe katika wiki 95 kati ya 100 unahitaji akiba ya tahadhari ya katoni 49 hivi, yaani 30 mara 1.645, kizidishi cha asilimia 95 katika mgawanyo huo. Anakuja mteja mpya mwenye mkengeuko wa 40. Usijumlishe 30 na 40. Jumlisha miraba yake, 900 na 1,600, kisha tafuta kipeuo cha pili: 50. Akiba inafika 82. Mteja huyu ameongeza katoni 33 tu, ilhali peke yake angehitaji 66.

Kwa hiyo kumpima kila mteja peke yake kunapotosha. Chukua wawili, kila mmoja ana mkengeuko wa 30 na faida ya 40 kabla ya gharama ya akiba, na katoni moja ya akiba inagharimu 1. Mmoja mmoja, wote ni hasara: 40 dhidi ya 49. Pamoja wanaleta 80, akiba inakula 70.

Gawanya faida ya kila mteja kabla ya gharama ya akiba kwa mraba wa mkengeuko wake, wapange kuanzia uwiano mkubwa, kisha ongeza mmoja mmoja ukikokotoa faida ya kundi zima baada ya gharama hiyo. Fika mwisho wa orodha ndipo ukate pale faida ilipokuwa juu kabisa. Ukisimama inaposhuka mara ya kwanza, unaweza kuwaacha wazuri.

Hesabu hii huharibika wateja wakipanda na kushuka pamoja, mathalani wote wakitegemea ujenzi. Hapo 30 na 40 zinaweza kuwa 70 kweli, na akiba 115.

Mteja wa zabuni ni suala jingine. Katoni 500 kwa uwezekano wa asilimia 30 ni wastani wa 150, lakini 150 hatanunua kamwe: ni 500 au sifuri. Huyo usimwekee akiba. Kubalianeni muda mrefu zaidi wa kusubiri, mzigo uagizwe akishalipa malipo ya awali.

Na uhaba ukija, usigawe mzigo kwa uwiano wa oda, maana kila mmoja ataagiza zaidi ya anachohitaji. Gawa kwa manunuzi yao ya kabla ya uhaba.