Mgeni Asiyeaga

Mji wetu wa Tanga husifiwa kwa msemo wa "waja leo waondoka leo", lakini nadhani aliyeutunga hakuwahi kuishi jirani na mzee mmoja wa hapa Ngamiani, ambaye kila alfajiri hukusanya majani ya mwembe, chupa za plastiki na ndara zilizokatika, akaviwasha vyote kwa pamoja. Wakati huo upepo wa bahari haujaamka, hewa ya chini ni baridi na imetulia, hivyo moshi hukosa njia ya kupanda. Hutambaa uani, hufika dirishani kwangu, na huingia kabla sijaitikia hodi.

Juzi nilimwendea kwa adabu. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akanieleza kwamba moshi hufukuza mbu. Ni kweli, maana hata kuku wake wamehama. Nikamfahamisha kuwa mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo linachopendekeza cha wastani wa mwaka cha chembe laini za hewani, zile ambazo unene wake ni kama sehemu moja ya thelathini ya unywele na ambazo hupenya mapafu hadi kwenye damu, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Nikamshauri majani ayafukie shimoni yawe mbolea, na chupa awauzie waokotaji. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akakohoa, akauliza: "Na hiyo pikipiki yako, mwanangu?"

Pikipiki yangu, nakiri, hutoa moshi wa buluu kwa sababu ringi zimechakaa na inaunguza oili, jambo ambalo fundi aliniambia tangu Ramadhani.

Nilirudi nyumbani kutafuta wa kunitetea, nikamkuta mke wangu jikoni akipuliza mkaa, macho mekundu, milango na madirisha yamefungwa kwa amri yangu mwenyewe ili moshi wa jirani usiingie. "Baba Mwanaidi," akasema bila kugeuka, "mtungi wa gesi uliisha mwezi wa pili. Wewe wavuta moshi wa nusu saa, mimi wa kutwa."

Tangu siku hiyo naenda kazini kwa baiskeli, na fedha ya petroli nimejazia mtungi. Mzee naye amechimba shimo la majani, isipokuwa amelichimba kwenye kichochoro chetu, na leo alfajiri nimetumbukia humo na baiskeli yangu.