Istilahi za tiba kwa asiye daktari: tuanzie wapi?

Kuna wanaoshikilia kwamba kila mtu mzima anapaswa kujua msamiati wa msingi wa tiba: viungo vya mwili, magonjwa ya kawaida, na vipande vya Kigiriki na Kilatini vinavyounda majina yake. Wengine wanaona hiyo ni kazi ya bure, tena ya hatari. Daktari yupo, na ni wajibu wake kumweleza mgonjwa kwa lugha nyepesi. Mimi niko karibu zaidi na wale wa kwanza, ila nadhani wengi wao huanzia pasipofaa.

Huanzia kwenye viambishi. Ni rahisi kuona kwa nini: vinalipa haraka. Ukishajua kwamba "-itisi" huashiria kiungo kilichovimba na kuwaka kwa sababu mwili unajihami, basi gastritisi, athritisi na apendisaitisi zinafunguka kwa mpigo mmoja: tumbo la chakula, maungio ya mifupa, kidole tumbo. "-ektomi" ni kukata na kuondoa, kwa hiyo anayeambiwa atafanyiwa histerektomi anajua kabla ya kutia saini kwamba kizazi chake kinatolewa. Hilo si jambo dogo. Mtu hapaswi kuridhia upasuaji asioujua ni wa nini.

Lakini jina la aina hii hutaja mahali na aina ya hitilafu, na mara nyingi huishia hapo. Hepatitisi, ambayo wengi huiita homa ya ini, inaweza kuletwa na virusi vya A, B, C, D au E, na pombe, na dawa fulani, au na kinga ya mwili inayolishambulia ini lenyewe. Aina ya B ina chanjo. Aina ya C haina, ila leo vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya wagonjwa walio wengi. Anayejua tu kwamba ini limevimba ameshafasiri cheti chake, lakini bado hajui chochote cha kufanya. Na wala tusidhani kwamba madaktari nao hujua kila mara: wanapoandika kwamba ugonjwa ni idiopathiki, wanasema kwa heshima zote kuwa chanzo chake hakijulikani.

Wapinzani wana hoja nyingine nzito zaidi, nayo ni elimu nusu. Haipaglisemia na haipoglisemia zinatofautiana kwa irabu moja tu. Ya kwanza ni sukari kupanda mno katika damu. Ya pili ni sukari kushuka mno, na mwenye hali hiyo huhitaji kitu chenye sukari mara moja, almuradi anaweza kumeza. Anayetamka istilahi hizo kwa mbwembwe na kuzichanganya ni hatari kuliko anayesema tu kwamba sukari imeshuka. Kisha kuna hofu. Mwenye maumivu ya kichwa akiyatafuta mtandaoni kwa majina ya kitaalamu, haichukui muda atakutana na uvimbe wa ubongo, ingawa maumivu mengi ya kichwa hayana uhusiano wowote nao. Wanafunzi wa udaktari wenyewe wanajulikana kwa kujishuku magonjwa wanayoyasoma muhula huo.

Hoja hizi nazikubali. Hata hivyo zinapiga namna moja ya kujifunza, ile ya kukariri majina makubwa. Haziigusi ramani ya mwili.

Chukua neno mshipa. Katika mazungumzo ya kawaida linabeba ateri (inayotoa damu moyoni), vena (inayorudisha damu moyoni), neva (inayopitisha hisia na amri za ubongo) na kano (inayoshikiza msuli kwenye mfupa), na wengine huliongezea hata ngiri. Mgonjwa akisema mshipa wa mguu unamuuma, huenda kano imechanika, huenda neva imebanwa mgongoni, au huenda damu imeganda ndani ya vena. Hilo la mwisho haliwezi kusubiri, kwa kuwa donge likikatika linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Ni vivyo hivyo na chembe ya moyo. Maumivu ya hapo mara nyingi ni kiungulia au vidonda vya tumbo, lakini shambulio la moyo nalo wakati mwingine hujitokeza papo hapo. Mtu anayeweza kueleza ni wapi hasa panauma, tangu lini, na maumivu yanaelekea wapi, amemsaidia daktari kuliko aliyekuja na jina la ugonjwa mdomoni.

Baada ya ramani, ningeweka maneno ambayo watu hawayahesabu hata kuwa istilahi. Ugonjwa sugu ni ugonjwa wa muda mrefu. Haimaanishi kuwa ni mkali wala kwamba haudhibitiki. Majibu hasi kwa kawaida ni habari njema. Upungufu wa damu kwa kawaida haumaanishi kwamba mishipa imebaki nusu tupu. Kinachopungua ni himoglobini, ile inayobeba oksijeni. Katika saratani, hatua hueleza ugonjwa umeenea kiasi gani, ilhali daraja hueleza seli zinavyoonekana chini ya hadubini. Familia inaweza kulia kwa kusikia daraja la tatu ikidhani ni hatua ya tatu.

Na kuna tofauti moja ambayo ningeifundisha kabla ya kiambishi chochote. Katika shambulio la moyo ateri inayolisha moyo imeziba, na mgonjwa mara nyingi bado ana fahamu na anapumua. Anahitaji kufikishwa hospitali upesi. Moyo ukisimama, mtu huanguka, hazinduki, na hapumui kama kawaida. Huyo anahitaji msaada uitwe huku kifua chake kikikandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusubiri. Anayeziona hali hizi mbili kuwa kitu kimoja anaweza kusimama akitazama.

Inabaki hoja ya wajibu, na hapa nawaunga mkono wapinzani bila masharti. Mtu mwenye maumivu hasomi vizuri, na si haki kumtwisha mzigo wa kamusi. Zaidi ya hapo, istilahi inaweza kumdanganya hata daktari. Mgonjwa anayetamka haipatensheni sawasawa, na kujua kuwa 140 kwa 90 ni presha ya kupanda, anaonekana ameelewa. Kumbe anaacha vidonge kila anapojisikia nafuu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba presha kwa kawaida haina dalili. Daktari anayemwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyotumia dawa, na lini atafikiria kuziacha, atalibaini kosa hilo kwa dakika chache tu.