Mlaji ni friji, si taa
Mwandishi umetushauri tuzime taa ili bili ya stima ishuke. Sawa, lakini taa za LED zinakula umeme gani? Hapa Malindi na joto letu hili mlaji ni friji, hasa kwa sisi wenye vibanda vya juisi. Bana karatasi kwenye mlango wa friji uivute. Ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka, baridi inatoka usiku kucha. Tena tangu Aprili 2023, nyumba inayopita uniti 100 kwa mwezi hulipia kila uniti ghali kuliko isiyozidi 30. Gesi nayo, moto ukiwa wa njano na sufuria zinashika masizi, safisha jiko kabla hujamlaumu muuza mitungi. Na maharagwe lowekeni usiku yaive kwa gesi kidogo, jamani!