Kibastola cha joto pale Mpondwe, kinatusaidia ama kinatuzuga?

Kila Ebola ikisikika upande wa Kongo maneno yanaanza upya, huyu anataka mpaka ufungwe kabisa, yule anasema kupima watu joto getini kwa kibastola, kile kipimajoto cha kuelekeza kwa paji, ni kupoteza muda. Mi naona wote wameshika nusu ya kitu.

2019 pale Mpondwe, geti la mpaka wa Uganda na Kongo wilayani Kasese, tuliona yote mawili: geti kukwepwa na geti kufanya kazi. Mwezi wa sita mtoto wa miaka 5 aliingia na familia yake wakitoka kumuuguza na kumzika babu aliyekufa na Ebola, wakapita njia ya panya, ugonjwa ukaja kujulikana mtoto yuko hospitali tayari. Akafa, mdogo wake na bibi yao wakafuata. Mwezi wa nane msichana wa miaka 9 kapita getini, wapimaji wakaona homa, wakamweka kando palepale. Naye alifariki, maskini, lakini huku hakuambukizwa mtu.

Kwa hiyo geti linafanya kazi, kwa anayepita getini. Na hata huyo sio wote: siku ya soko mama ana ndoo kichwani na mtoto mgongoni, ananawa maji ya jiki, kibastola kinaelekezwa kwa paji, sekunde mbili, pita. Ebola inakaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili, sasa aliyeipata juzi kibastola kitamwona na nini? Aliyemeza Panadol asubuhi je? Halafu mzima aliyetembea juani ndio anawekwa pembeni soko linampita.

Kufunga ndio kabisa sikubali. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu, shamba huku msiba kule, ukifunga geti wote unawapeleka njia za panya ambako hata hayo maji ya jiki hakuna. Na Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, 2020 madereva wa malori walikaa siku kwa siku kwa foleni wakingoja majibu ya korona, wamebanana, yaani kupima kwenyewe kukawa mkusanyiko. Ebola ya Mubende, Uganda, 2022 nayo ilijulikana katikati ya nchi, mbali na mpaka wowote.

Pesa ningeongezea kijijini, kwa VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) na chairman wa LC1 (mwenyekiti wa kijiji), maana wao ndio wanajua nyumba gani imepokea mgeni jana usiku. Shida ni kwamba VHT anajitolea tu, na akimripoti mgeni wa jirani kesho bado wanachota maji kisima kimoja.