Barabara ya juu na sisi wa chini

Kila asubuhi natembea kandokando ya Barabara ya Mombasa, jijini Nairobi. Juu yangu imepita Expressway, barabara ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Bodaboda haziruhusiwi huko, wala tuktuk. Mwenda kwa miguu ndiyo usiseme. Kinachotufikia huku chini ni kivuli, nacho kwenye jua la Januari si haba.

Jirani yangu wa teksi husema nina wivu tu, kwani yeye huipitia kwenda uwanja wa ndege na abiria ndiye hulipa ada. Labda. Lakini wanajiografia wameniharibu: siku hizi nikiiona barabara nauliza dakika za nani zimeokolewa, na nani ameachwa pale pale.

Edward Soja, mwanajiografia Mmarekani aliyeanza usomi wake kwa kuichunguza Kenya na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1968, baadaye aliandika kuhusu abiria wa mabasi wa Los Angeles. Wengi wao walikuwa maskini. Waliona fedha za umma zikimiminwa kwenye reli za kuhudumia vitongoji vya wenye nacho, huku wao wakibanana ndani ya mabasi machakavu. Mwaka 1994 wakaenda mahakamani, na 1996 shirika la uchukuzi likakubali kuboresha mabasi. Ramani ya usafiri ikawa ushahidi wa kesi ya ubaguzi! Hilo bado hunishangaza.

Kwetu mistari ya kutenganisha watu haikuanza leo. Serikali ya kikoloni iliwapa Wazungu miinuko ya magharibi na kaskazini, Waafrika wakasukumwa Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, na mwanamume Mwafrika asiye na kipande, yaani kitambulisho cha enzi hizo, alikamatwa. Sasa mipaka inalindwa na bei: kwenye lango la Expressway hakuna askari wa kukuuliza unatoka wapi. Kuna kizuizi, nacho huinuka ukishalipa.

Ningeomba kitu kidogo tu, vivuko vya waendao kwa miguu viwekwe pale watu wanapovuka kweli. Jana mama muuza mboga alinipa beseni lake nimshikie, akakunja leso, akapanda ukingo wa katikati ya barabara.

"Kivuko kiko mbali, mwanangu," akasema.

Nikampa beseni, nikaruka pia.