Kitasa cha Kuzungusha au cha Vitufe: Kipi Kiaminiwe Kulinda Bunduki?

Mwenye bunduki anapomuuliza fundi ni kitasa kipi cha sefu kinachotegemeka zaidi, cha kuzungusha au cha vitufe, huwa ameuliza maswali mawili kwa mkupuo mmoja. La kwanza ni kama kitasa kitamfungulia yeye mwenyewe kila atakapohitaji. La pili ni kama kitamkatalia kila mtu mwingine, awe mwizi aliyevunja dirisha au mtoto wake wa kumzaa mwenye miaka minne. Kitasa kinaweza kufaulu vizuri sana katika la kwanza kikaanguka vibaya katika la pili. Nchini Marekani, ambako mamilioni ya nyumba zina silaha na sefu za bunduki zimekuwa biashara kubwa, mabishano haya hayaishi kwa sababu kila upande unajibu swali lake na kuliacha la mwenzake.

Nianze na la kwanza. Kitasa cha kuzungusha kina kisahani chenye alama 100 nje ya mlango, na ndani yake kwa kawaida mna magurudumu matatu madogo yaliyopangwa kwenye mhimili mmoja, kila gurudumu likiwa na mwanya ukingoni. Unazungusha kushoto mpaka namba ya kwanza ifike mara ya nne, kulia mpaka ya pili ifike mara ya tatu, kushoto tena mpaka ya tatu ifike mara ya pili. Hapo mianya yote mitatu inakaa mstari mmoja, kipande cha chuma kinadondokea humo, na mzunguko wa mwisho wa kulia unauvuta ulimi wa kitasa. Hakuna betri wala waya. Kikitengenezwa vizuri na kusafishwa na fundi kila baada ya miaka kadhaa, kitasa hicho kinaweza kumhudumia baba na kikarithiwa na mwana. Hata kinapochakaa huchakaa kwa adabu: kisahani kinakuwa kizito kwa sababu ya grisi iliyoganda, au sefu iliyokuwa ikifunguka kwa 30 inaanza kutaka 31. Mwenye nayo akiwa msikivu atamwita fundi mapema, kabla mlango haujamgomea.

Kitasa cha vitufe hufanya kazi kwa namna nyingine, na wengi hawaielewi. Vitufe vya nje kazi yake ni kupeleka ishara tu. Katika vitasa vilivyotengenezwa vizuri, sehemu inayolinganisha namba iko ndani ya mlango, nyuma ya chuma kigumu, kwa hiyo anayevunjavunja vitufe hapati chochote. Namba ya siri hubaki kwenye kumbukumbu hata betri ikifa, na betri yenyewe, mara nyingi ya volti 9, hubadilishwa kutokea nje. Umeme wa nyumba ukikatika, kitasa hakina habari.

Niliwahi kusimama kando ya fundi wa sefu aliyeitwa na mzee mmoja aliyekuwa na hakika kwamba kitasa chake kimekufa. Vitufe vilikuwa vinalia kila vikibonyezwa na taa ilikuwa inawaka, lakini ulimi haukusogea. Fundi hakufungua hata sanduku lake la vifaa. Alichomoa betri ya bei nafuu iliyokuwamo, akatoa mpya ya alkalaini mfukoni, akamwambia mzee aingize namba yake, na mlango ukafunguka. Betri ile ilikuwa na nguvu ya kuwasha taa na kutoa mlio, ila haikuwa na nguvu ya kusukuma mota. Naamini sehemu kubwa ya vifo vya vitasa vya vitufe vinavyosimuliwa ni vya namna hii, na havistahili kuhesabiwa kuwa dosari ya kitasa.

Hata hivyo vipo vifo vya kweli, na hapo ndipo watetezi wa kuzungusha wanapokuwa na haki. Waya ukibanwa na kukatika ndani ya mlango, au koili ya sumaku ikiungua, hakuna dalili inayotangulia. Jana kilifunguka, leo kimya. Dawa yake ni keekee na fundi anayejua hasa pa kutoboa, kwa sababu mlango una bamba gumu la kuzuia keekee na makomeo ya akiba yanayojifunga kitasa kikishambuliwa. Kwa hiyo mtu akinitaka nichague kitasa kitakachofunguka baada ya miaka 30 ndani ya nyumba isiyo na mtu wa kukitunza, nitachagua cha kuzungusha bila kusita. Ila tofauti hiyo haina upana unaodaiwa, na haitoshi kumaliza shauri.

Haitoshi kwa sababu kitasa hutumiwa na binadamu, na binadamu huchoka. Kufungua kwa kuzungusha huchukua nusu dakika au zaidi kwa mikono iliyotulia kwenye mwanga mzuri. Ukipitisha alama moja unaanza upya. Kwa bunduki za kuwindia zinazotoka mara chache kwa mwaka, huo si mzigo. Kwa mtu anayefungua na kufunga kila siku ni kero, na kero huzaa mazoea mabaya. Zoea lililo baya kuliko yote ni la kuufunga mlango kisha kuisogeza namba ya mwisho kidogo tu, ili safari ijayo kisahani kirudishwe kwa mguso mmoja. Sefu hiyo inaonekana imefungwa, mpini haushuki ukiujaribu, mwenye nyumba analala na amani, lakini mtoto anayechezea kisahani kwa sekunde mbili anaweza kuifungua.

Mwanafizikia Richard Feynman alilithibitisha hilo Los Alamos katika miaka ya 1940, mahali palipohifadhiwa siri za bomu la atomiki. Aligundua kwamba kwenye vitasa vya kabati za nyaraka za huko kila namba ingekubalika hata ukikosea kwa alama mbili huku au huku, hivyo michanganyiko milioni moja iliyokuwa ikitangazwa ilibaki kama 8,000 tu. Aligundua pia kwamba, kabati ikiwa wazi, namba mbili za mwisho zingeweza kusomwa kwa kuchezea kisahani, na kwamba wapo waliokuwa hawajabadilisha kamwe namba ya kiwandani. Vitasa vya leo ni makini zaidi. Tabia za wenye vitasa sina hakika kama zimebadilika.

Kitasa cha vitufe kinashinda hapa. Tarakimu sita hufungua mlango kwa sekunde chache hata gizani, mlango ukifungwa hujikaza wenyewe katika aina nyingi, na anayekisiakisia namba hufungiwa kwa dakika kadhaa baada ya makosa machache. Mzazi anaweza kubadilisha namba jioni ileile anapohisi kwamba kijana wake ameiona, ilhali kwenye kitasa cha kuzungusha wengi huhitaji kumwita na kumlipa fundi.

Swali la pili, la kuwakatalia wengine, ndilo lililobadilisha mawazo yangu zaidi katika miaka ya karibuni. Agosti 2023 kampuni ya Liberty Safe ya Utah, miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa sefu Marekani, iliwapa maofisa wa FBI waliokuwa na hati ya upekuzi namba ya kufungulia sefu ya mteja aliyekuwa akichunguzwa kwa uvamizi wa Januari 6, 2021 kwenye jengo la Bunge la Marekani. Hasira ilikuwa kubwa, na kampuni ikawaruhusu wateja kuomba namba zao zifutwe kwenye kumbukumbu zake. Kuhusu haki ya polisi kuingia watu watatofautiana. Kilichonigusa mimi ni kwamba wanunuzi wengi ndipo walipojua kwa mara ya kwanza kuwa kuna namba nyingine ya kufungulia milango yao. Machi 2024 seneta wa Marekani Ron Wyden aliandikia mamlaka ya kupambana na ujasusi ya nchi yake akitaka umma uonywe juu ya namba za siri za watengenezaji, akaeleza kwamba serikali yenyewe haikubali vitasa vya namna hiyo kwa matumizi yake. Kisha Agosti 2025, kwenye DEF CON, mkutano wa wadukuzi na watafiti wa usalama mjini Las Vegas, watafiti wawili, Mark Omo na James Rowley, walionyesha njia mbili za kufungua vitasa vya SecuRam ProLogic, vinavyofungwa kwenye sefu za kampuni kadhaa.

Watetezi wa vitufe hujibu kwamba mwizi wa kawaida hana ujuzi huo, na wanasema kweli. Mwizi wa kawaida hagusi kitasa kabisa. Sefu nyingi za bunduki zinazouzwa Marekani zina cheti cha UL, shirika la kupima usalama wa bidhaa, cha kiwango cha nyumbani, ambacho kipimo chake cha msingi ni mtu mmoja mwenye vifaa vya mkono kuzuiwa kwa dakika tano. Anayetaka kuiba atatumia mtaimbo mlangoni au msumeno ubavuni. Lakini kasoro ya programu ina ubaya ambao chuma hakina: ikishajulikana, inajulikana kwa vitasa vyote vya aina ile kwa siku moja, na mwenye sefu hawezi kuirekebisha kwa grisi.

Kundi moja nalitenga kabisa. Ni visanduku vya bastola vya bei ya chini vinavyofunguka kwa alama ya kidole. Oktoba 2023 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurejeshwa kwa visanduku vya Fortress takriban 61,000, kwa sababu vingeweza kufunguliwa na kidole chochote ambacho hakikusajiliwa. Kulikuwa na taarifa 39 za matukio hayo, na kesi mahakamani iliyohusu kifo cha mtoto wa miaka 12. Hapo pande zote mbili za swali zinakutana kwa namna ya kuumiza: kitasa kilimfungulia mwenye nacho kila siku, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kukishuku, na kilimfungulia pia kila mwingine. Anayesema "vya elektroniki havitegemeki" kwa kutaja visanduku hivi na kuvilinganisha na kitasa cha kuzungusha cha bei ghali hajapima kwa haki, lakini ole wa anayevinunua akiamini kwamba kidole ni salama kuliko namba.

Kwa hiyo uamuzi wangu unafuata matumizi. Kwa sefu kubwa ya bunduki ndefu, inayofunguliwa mara chache, nashauri kitasa cha kuzungusha chenye cheti, kisahani kivurugwe mizunguko minne au zaidi kila mlango unapofungwa, hata ukiwa unarudi baada ya dakika kumi. Kwa bastola iliyo karibu na kitanda katika nyumba yenye watoto, nashauri vitufe vyenye cheti, kwa sababu kitasa chepesi kitafungwa kila siku na kizito hakitafungwa. Mnunuzi wa vitufe aulize kabla ya kulipa kama mtengenezaji anahifadhi namba ya akiba na inafutwaje, na abadilishe betri kila mwaka bila kungoja mlio. Na wote wawili, kila wanapobadilisha namba, waijaribu mara tatu au nne mlango ukiwa wazi, ulimi ukitoka na kuingia mbele ya macho yao, ndipo waufunge.