Njahi za Mississippi

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi hutengeneza boti ndogo, mfano wa zile za Mto Mississippi kule Marekani, hapa hapa Kangemi, kwenye meza ya kulia chakula. Kwa Kiingereza zinaitwa boti za kuvuta, lakini hazivuti kitu. Pua yake ni bapa, ina vyuma viwili vilivyosimama wima vinavyoitwa magoti, na kwa magoti hayo husukuma hata matishari 15, yale majahazi bapa ya mizigo yasiyo na injini, yaliyofungwa pamoja kwa nyaya. Ni mkokoteni wa Gikomba, ila hamali wote wako nyuma.

Boti ilikuwa tayari, limebaki tishari. La kweli lina urefu wa futi 195. Nikalipunguza mara 96, likawa sentimita 62 za plaiwudi na gundi nyeupe ya mbao. Vanishi nilipaka nje tu. Ndani nani ataona?

Sasa, tishari tupu huelea juujuu kama sufuria, halipendezi. La kweli hubeba kama tani 1,500 za mahindi au soya. Nikashika kalamu, nikagawanya kwa 96, tena kwa 96, tena kwa 96: urefu, upana na kina. Jibu: kilo moja na nusu na ushei. Na kabatini, Mungu ni shahidi, kulikuwa na kilo mbili za njahi, yale maharagwe meusi anayopikiwa mama mzazi, ambazo Mama Neema alimnunulia dada yake aliyejifungua.

Nilizipakia, nikabandika kifuniko kwa gundi, nikaliweka tishari kwenye beseni la kufulia blanketi. Likatulia sawasawa, likazama kipimo kile kile nilichotaka. Nikapiga honi kwa mdomo, polepole, Neema asiamke. Nikaenda kulala.

Saa tisa usiku: TAK!

"Baba Neema, kuna mtu bafuni."

TAK! Nikapaza sauti nzito: "Tumekuona!" Kosa kubwa. Jirani wa juu akaanza kupiga sufuria, na kabla sijashika kitasa cha bafu, wanaume watatu wa ploti walikuwa sebuleni na rungu zao.

Tukafungua. Kifuniko kimesimama wima. Maji yalikuwa yamepenya kwenye maungio, njahi zikanywa usiku kucha, zikavimba karibu mara mbili, na mbao zikaachia. Zilijaa beseni zima, nyeusi, nono, kila moja na ule mstari wake mweupe, kama macho yanayonishangaa.

"Ni njahi," mmoja akatangaza, akashusha rungu.

Mama Neema akaokota moja, akaibonyeza, akainusa. "Inanuka gundi." Akarudi kulala. Hakusema lingine, na hapo ndipo nilipoogopa.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa sokoni. Mama muuzaji akanipimia huku anatabasamu.

"Kumbe kuna mtoto amezaliwa?"

"Yuko," nikamjibu. "Na kuna tishari limezama."